Mtu wa Aix na mlima wake

Mwezi huu nataka tutembee mbali, kule Bulaya, katika inchi ya Ufaransa upande wa kusini. Tutaenda kuangalia mlima. Ni mlima mmoja tu, na si mrefu sana. Lakini kulikuwa mtu mmoja aliyeuangalia maisha yake yote na hakuchoka. Tangu nilipofika pale habari yake haijaniacha, sababu iligusa deni nililokuwa nalo kwetu kwenye kambi. Hilo deni nitalisema. Tuanze na safari.

Mwezi wa 10 mwaka 2019 nilitumwa kwa semina ya wiki tatu katika mji wa Aix-en-Provence, maana kule kuko chuo cha teolojia cha Waprotestanti. Nilipanda ndege Lubumbashi, nikabadilisha mara mbili, nikashuka Marseille, ule mji mkubwa wa bandari, na toka pale nikapanda bus mpaka Aix. Nilikuwa nimevaa makoti mawili, moja la kuazima. Watu wa pale waliniangalia wakacheka: "Pasta, bado. Ngojea upepo."

Kuko upepo wa kaskazini wanaouita Mistral. Unavuma kwa nguvu siku nyingi, unafagia mawingu yote, halafu mbingu inabaki buluu safi na vitu vya mbali vinaonekana kama viko mbele ya mlango. Kwetu wakati wa kiangazi ni kinyume. Moshi wa moto wa pori na vumbi ya makamyo vinafunika yote, hata kilima cha karibu kinakuwa kivuli.

Siku ya tatu upepo ulikuja. Nilitoka asubuhi kwenda masomo nikishika kofia kwa mkono, nikainua macho, na kule mbali juu ya mapaa ya nyumba nikaona jiwe kubwa jeupe lenye umbo la pembe tatu. Siku mbili nilikuwa nimepita pale bila kuliona. Nikamwuliza mama mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa akitupikia. Alijibu bila kugeuka: "Huo ni Sainte-Victoire. Wiki tatu zako utauangalia kila siku, na hautakuwa uleule mara mbili."

Nilifikiri ni maneno ya watu wenye kupenda kwao. Sisi sote tuko vile.

Mlima wenyewe

Urefu wake pahali pa juu kabisa ni meta 1,011. Wasomaji wa Kolwezi wasicheke haraka. Najua mji wenu wenyewe unakaa zaidi ya meta 1,400 juu ya bahari, na kwa hesabu hiyo jikoni zenu ziko juu kuliko mlima ule! Lakini kule bahari iko karibu na inchi iko chini, kwa hiyo mlima unasimama peke yake, na jicho halina pahali pengine pa kwenda.

Ni mlima wa mawe ya chokaa, kama ukuta wa karibu kilometa 18 toka mangaribi hadi mashariki. Ukiwa mjini unaona kichwa chake tu, njo ile pembe tatu. Ukizunguka upande wa kusini, kumbe ni ukuta mrefu, wenye mikunjo kama nguo iliyotupwa. Chini yake kuko udongo mwekundu sawa wetu, hata nilipookota kidogo na kusugua mkononi nilisikia niko nyumbani. Katika udongo ule watu wa sayansi walipata mayai ya dinozauri yaliyogeuka mawe. (Vijana wa kwaya waliposikia hilo hawakutaka tena kusikia kitu kingine cha safari yangu.) Juu kuko msalaba mkubwa wa chuma, karibu meta 19, uliomalizika mwaka 1875.

Sasa mtu wake. Jina lake ni Paul Cézanne. Alizaliwa pale Aix tarehe 19 mwezi wa 1 mwaka 1839. Baba yake alianza kwa kuuzisha kofia, akapata pesa, akafungua banki. Kama wababa wengi, wa kule na wa kwetu, alitaka mtoto asome kazi yenye mshahara. Paul akasoma sheria, hakumaliza. Akakwenda Paris mwaka 1861 kujifunza kuchora, ikamshinda, akarudi na kukaa katika banki ya baba, hiyo ikamshinda zaidi, akarudi Paris mwaka uliofuata.

Utoto wake aliumaliza kwenye mabonde yanayozunguka mlima. Alikuwa na rafiki wawili wa shule, Émile Zola na Baptistin Baille, wakitembea pamoja siku nzima, wakiogelea mto Arc, wakirudi usiku. Zola huyo njo yule aliyekuja kuwa mwandishi wa sifa wa Ufaransa. Baba yake Zola alikuwa enjinia. Alitengeneza plani ya barrage ya maji karibu na mlima, akafa mwaka 1847 kazi ingali mwanzo, na barrage ikamalizika mwaka 1854. Ingali pale mpaka leo na inaitwa kwa jina lake. Mimi mtoto wa mfanyakazi wa madini, nilisimama mbele ya ukuta ule wa mawe muda mrefu kuliko mbele ya tablo nyingi.

Cézanne alianza kuuchora mlima mapema. Kuko tablo yake ya karibu mwaka 1870 inayoonyesha kilima kilichokatwa katikati ili njia ya treni ipite, kidonda chekundu katika majani, na nyuma kabisa Sainte-Victoire umesimama. Ninaomba mukumbuke tablo hiyo, nitairudia. Mwaka 1877 wakafungua njia mpya ya treni kati ya Aix na Marseille, inayopita bonde la Arc juu ya kilalo kirefu cha mawe. Mwaka 1878 Cézanne akapita ndani ya treni, akaona mlima dirishani, akamwandikia Zola kwamba kile ni kitu kizuri cha kuchora. Alikuwa na miaka 39. Mlima uliokuwa mlangoni kwake tangu kuzaliwa, alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa sasa tu.

Toka pale hakuacha. Aliuchora toka shamba la baba yake liitwalo Jas de Bouffan, toka chini ya misonobari, toka kilima hiki na kile. Wenye kuhesabu wanapata tablo za mafuta zaidi ya 30, na nyingine nyingi za rangi ya maji. Hakuwa mwepesi. Mwenye kumuuzishia tablo, Ambroise Vollard, alisimulia kwamba alikaa mbele yake mara 115 ili achorwe uso, na mwisho tablo haikumalizika. Kama uso wa mtu ni mara 115, basi fikirini mlima!

Katika tablo nilizoziona, ule msalaba wa juu sikuuona hata mara moja. Nilipenda kujua sababu. Hakuwa mtu asiyeamini. Miaka ya mwisho alikuwa akienda misa katika kanisa kubwa la mji. Labda macho yake yalitafuta jiwe tu. Sikupata mtu wa kunijibu, na kwa kweli nilisikitika kidogo, halafu nikaacha.

Kariere ya zamani

Siku ya posho ya wiki ya pili tulipelekwa Bibémus. Hapa, wandugu wa madini, njo pahali penu.

Bibémus ni kariere ya mawe. Watu walikuwa wakichimba pale tangu wakati wa Waroma, na nyumba nyingi nzuri za Aix zimejengwa na jiwe lake, jiwe la rangi ya manjano karibu na machungwa. Wakati wa Cézanne kazi ilikuwa imekwisha karibu yote. Palibaki mashimo, kuta zilizokatwa wima, mawe makubwa yaliyoachwa katikati kama wafanyakazi walikwenda kula na hawakurudi, na miti iliyoota katika nyufa. Watu wa mji hawakuwa na haja na pahali pale. Cézanne akapanga kibanda pale mwaka 1895, akaweka vyombo vyake vya kazi, na kwa miaka mingi akawa anapanda kuchora. Kuko tablo moja ambayo ndani yake anaweka kuta za kariere mbele, nyekundu na manjano kama moto, na juu yake, karibu sana, mlima wa buluu na nyeupe.

Nilipoingia katika shimo lile nilishika ukuta. Alama za vyombo vya wachimbaji zingali pale, mistari kwa mistari, mkono wa mtu aliyeamka asubuhi na njaa yake. Nikamwambia yule mama mzee, "Mama, kwetu kuko mashimo makubwa kuliko haya mara mia, na hakuna mtu aliyeniambia kwamba yanaweza kuchorwa." Akanijibu: "Kwenu hakuna wachoraji?"

Nikanyamaza. Maana kwetu alikuwako.

Deni langu

Mwaka 2017 katika kanisa yetu kulikuwa kijana wa miaka 16, mwimbaji wa sauti ya tenor. Jina lake sitalisema. Nyuma ya kambi yetu kulikuwa kilima, kimoja cha vile vilima vya mukuba ambavyo munavijua: juu hakuna miti, ni majani mafupi tu, na mvua ya kwanza ikinyesha yanatoka yale maua madogo ya buluu ambayo wazee wa madini wanayajua ni alama. Kijana huyo alikuwa akikichora kilima kile. Alichora kwenye karatasi ya mifuko ya simenti, na rangi iliyobaki wakati tulipopaka kanisa, na mara nyingine na makaa. Asubuhi, mangaribi, wakati wa mvua, wakati wa moshi. Kilima tu.

Mama yake alikuja kwangu akilia. "Baba Pasta, munisaidie na huyu mutoto. Barafiki yake banachoraka batembo, banachoraka mitende na bamama bakibeba maji, bageni kwenye hoteli banauza. Yeye kila siku kilima, kilima. Kilima tutakula?"

Nikamwita. Nilimwambia maneno yafuatayo, na ninayakumbuka vizuri: "Mwanangu, kilima hiki kila mtu anakiona bure. Nani atatoa pesa yake kwa kitu anachokiona bure kila asubuhi? Chora kitu cha maana." Akasema, "Ndiyo, Pasta." Hakubisha. Aliinama, akatoka.

Sasa miaka miwili baadaye niko Aix, ndani ya shimo la mawe, na maneno yangu yananirudia masikioni.

Juu ya Lauves

Siku iliyofuata, ilikuwa siku ya Mungu, baada ya ibada nilipanda peke yangu kilima cha Lauves, kaskazini ya mji. Muelewe kwanza namna Cézanne alivyofika pale. Mama yake alikufa mwaka 1897. Mwaka 1899 shamba la Jas de Bouffan likauzishwa ili mali igawanywe kati yake na dada zake, akatoka katika nyumba ambayo familia yake iliishika miaka 40. Alitaka kununua nyumba nyingine kwenye njia ya Le Tholonet, inayoitwa Château Noir, iliyoangalia mlima. Wenyewe walikataa. Mwisho mwaka 1901 akanunua kipande cha udongo pale Lauves, akajenga nyumba ya kazi, akaanza kuitumia mwaka 1902. Alikuwa na miaka 63 na ugonjwa wa sukari.

Nyumba ile ingali pale. Ni chumba kikubwa juu, chenye dirisha kubwa upande wa kaskazini, na pembeni kuko ufa mrefu mwembamba katika ukuta, uliotengenezwa kusudi kupitisha tablo kubwa ambazo mlango haukuziweza. Niliona mitungi, mafuvu ya vichwa vya watu (aliyachora, musiogope), na makoti yake yakining'inia. Lakini mlima hauonekani toka pale. Kila siku ilimpasa kutoka na kupanda tena njia mpaka pahali ambapo inchi inafunguka.

Nikapanda vilevile. Juu kuko bustani ndogo. Wameweka picha za tablo zake juu ya mabamba, ili mtu asimame na kulinganisha. Mbele yako ni tambarare ya mashamba na mapaa, na mwisho wake mlima. Nikaketi juu ya ukuta. Wakati wa kufika ulikuwa mweupe karibu kijivu. Saa kumi ulikuwa kama rangi ya waridi. Jua lilipoanza kuanguka, kivuli kilipanda toka chini na jiwe likageuka buluu nzito, halafu kwa dakika chache kichwa tu kikabaki na moto. Nilikuwa nimekaa karibu saa tatu na sikusoma kitu, sikuomba, sikuzungumza na mtu. Ninakiri kwa wasomaji kwamba ni mara chache pasta anakaa saa tatu bila kusema neno.

Katika tablo zile za mwisho za Lauves mlima hauchorwi tena na mstari. Ni vipande vya rangi, kijani, manjano, buluu, vimewekwa kimoja karibu na kingine kama matofali, na ukikaribia huoni kitu. Ukirudi nyuma hatua tano, mlima unasimama. Katika mwezi wa 9 mwaka 1906 alimwandikia mtoto wake habari za kuchora kando ya mto Arc. Alisema kwamba pahali palepale kitu kilekile kinaonekana namna nyingi, hata angeweza kufanya kazi miezi mingi bila kuhama, akijiegemeza tu mara kuume, mara kushoto.

Tarehe 15 ya mwezi wa 10 mwaka uleule alikuwa nje akichora, mvua kubwa ikamkuta. Hakukimbia. Alipotaka kurudi nguvu zikamwisha, akaanguka njiani, na watu wakamrudisha nyumbani juu ya mkokoteni wa mfua nguo. Kesho yake asubuhi akatoka tena kwenda bustanini kuendelea na tablo ya mtunza bustani wake. Akarudi mgonjwa sana. Wiki moja baadaye alikufa, mwenye miaka 67.

Hapa lazima niseme neno, sababu gazeti letu ni la familia na sitaki vijana wamfanye mtu huyu malaika. Bibi yake, Hortense Fiquet, alizaa naye mtoto mwaka 1872, na kwa miaka mingi Cézanne alimficha baba yake kwamba ana mke na mtoto, kwa kuogopa kunyimwa pesa. Baba alipokisia, alitishia kukata posho, na Zola njo aliyewasaidia. Walioana mwaka 1886 tu, mtoto akiwa na miaka 14, na mwaka uleule baba akafa na kumwachia mali. Baadaye Hortense alikaa zaidi Paris na mtoto, yeye akakaa Aix na mlima. Alipokuwa akifa waliitwa. Walifika amekwisha kufa. Mimi nimezika watu wengi, wandugu, na najua namna inavyokuwa mtu anapofika na mizigo mkononi akakuta kilio tayari. Upendo wa pahali nao unauzisha kitu, na mara nyingine mwenye kulipa si yule anayependa.

Na mji wake? Mkuu wa makumbusho ya Aix wakati ule aliapa kwamba akiwa hai tablo ya Cézanne haitaingia pale, na ilikuwa vile. Imepita mpaka mwaka 1984 ndipo Serikali ya Ufaransa ilipoweka tablo zake nane katika makumbusho ya mji wake mwenyewe. Wenye kujua Biblia wamekwisha kukumbuka neno juu ya nabii na kwao. Katika mwezi wa 11 mwaka 2022 tablo moja ya Sainte-Victoire iliuzishwa New York kwa dola zaidi ya milioni 137. Niliposoma hilo nilikumbuka nilivyosema: nani atatoa pesa? Lakini si kwa sababu ya dola kwamba nilikosa.

Jioni ile mama mzee alinisimulia moto wa mwaka 1989. Mwezi wa 8, tarehe 28, upepo ukiwa mkali, moto ulishika mlima na ukala karibu hekta 5,000. Alisema majivu yaliingia mpaka ndani ya nyumba, na watu walisimama barabarani wakilia kama kwenye matanga. "Tulidhani hatutaona tena kijani pale," akasema. Lakini jiwe lilibaki, na miti imerudi.

Mbele ya kuondoka nilinunua pinseli tatu na kichupa cha rangi ya manjano, ile ya jiwe la Bibémus.

Kurudi

Nilimkuta kijana hayuko nyumbani. Alikuwa akibeba mifuko ya mawe ya wachimbaji, siku kwa siku. Alirudi mangaribi, mweupe kwa vumbi, akaketi. Nikampa pinseli. Alizigeuza mkononi, halafu akasema polepole: "Pasta, muliniambiaka niache. Njo niliachaka."

Niliomba msamaha. Kwetu mtu wa miaka yangu haombi kijana wa miaka 18 msamaha kila siku, na mama yake alisimama akitaka kutoka, nikamwomba abaki, sababu kosa nililifanya kwa ombi lake na mbele yake. Nikauliza karatasi ziko wapi. Mama akaonyesha dirisha. Kioo kilivunjika, karatasi za simenti zilizibwa pale, mvua ilikwisha kuzila. Moja tu ilikuwa nzima, chini ya godoro.

Hakuanza tena siku ile, wala mwezi ule. Mimi sikumsukuma. Mwaka 2021 watu walikuja na vipimo, wakapigilia vijiti vyenye kitambaa chekundu, wakazungusha waya. Yale maua ya buluu hayakuwadanganya. Familia tisa za kanisa yetu zilihama. Halafu mashini zikaingia, na kilima kikaanza kukatwa toka juu, ngazi kwa ngazi.

Asubuhi moja nilimwona kijana juu ya mnara wa maji wa zamani, ule ambao haufanyi kazi. Alikuwa na ubao juu ya magoti. Nilipaza sauti ashuke, chuma kile kimeoza. Akajibu, "Bado kidogo, Pasta, jua linaenda!" Kwa muda wa miezi 14 alipanda pale kila alipopata nafasi, akachora kilima kikiisha: kijani, halafu wekundu wa udongo, halafu ndani yake rangi ambazo hatukujua zimo, kijivu, nyeusi, na ile kijani ya malakiti. Nilimwonyesha katika kitabu ile tablo ya mwaka 1870, kilima kilichokatwa kwa treni. Aliiangalia muda mrefu. "Huyu alionaka," akasema.

Leo pale kuko shimo. Tablo ziko kumi na moja, na ile karatasi moja ya zamani, ya wakati kilima kizima. Tumezipigilia kwenye ukuta wa chumba cha mikutano nyuma ya kanisa. Wazee waliohamishwa wanapokuja siku ya Mungu wanaingia mle kwanza, wanaweka kidole kwenye karatasi: hapa palikuwa shamba langu la mihogo, hapa tulipitaka kwenda kisimani. Mwezi uliopita baba mmoja na mama mmoja walibishana kwa sauti juu ya mwembe. Baba alisema ulikuwa kushoto ya njia. Mama akasema, "Hapana, baba, ulikuwa kuume, mimi njo niliokotaka maembe yake."

Kijana alisimama mlangoni akiwasikiliza mpaka wakamaliza. Kisha akaenda kutafuta kopo la rangi ya kijani.